Bwawa la Shule Katika Mji wa Shaba

Kuna samaki wa Katanga ambaye watoto wa Lubumbashi hawafundishwi habari zake. Anaishi kwenye vidimbwi vya dembo, yale mabonde ya nyasi yanayojaa maji wakati wa mvua na kukauka kabisa kiangazi. Mvua zikianza anaanguliwa, anakua haraka, dume linapata rangi za kung'aa, jike linataga mayai matopeni, kisha maji yanakauka na wote wanakufa. Mayai hubaki ndani ya udongo mkavu miezi yote ya jua, yakisubiri mvua za mwaka unaofuata. Jina lake la kisayansi ni Nothobranchius, na aina zake ni nyingi. Moja, Nothobranchius hassoni, ilielezwa kitaalamu mwaka 2004 kutoka Katanga. Nyingine, Nothobranchius malaissei ya upande wa Luapula, ilipewa jina kwa heshima ya François Malaisse, mtaalamu wa mimea aliyefundisha chuo kikuu hapa mjini. Ulaya wako watu wanaofuga samaki wa ukoo huu kwenye matangi ya kioo sebuleni na kutumiana mayai yake kwa posta. Mwanafunzi wa mtaa wa Katuba anayeweza kuchora samaki ubaoni na kutaja mapezi yote kwa Kifaransa hajui kwamba kiumbe huyo yupo mkoani kwake.

Mjadala wa kuwaunganisha watoto wa shule na maumbile umetufikia kutoka nchi zenye tatizo jingine. Huko mtoto hukaa ndani, mzazi huogopa tope, na bwawa dogo huchimbwa nyuma ya shule ili mtoto aguse maji na kumwona chura. Mtoto wa Lubumbashi tope analijua. Anaruka mifereji akienda shule, anachota maji kisimani, na Januari anarudi nyumbani viatu mkononi. Ila hakuna anayemfundisha kuyasoma maji hayo: yapi yana uhai, yapi yamekufa, na yamekufa kwa sababu gani. Katika mji wa migodi ujuzi huo una uzito kuliko mapenzi ya vyura, na ndio unaolipa bwawa la shule kazi yake hapa. Ndio pia unaofanya ujenzi wake uwe mgumu.

Tusiseme kwamba mtoto wa hapa hana habari za pori. Novemba na Desemba, kando ya barabara za Likasi na Kipushi, akina mama wanapanga uyoga kwenye mabeseni, na siku nyingine linatokea lile jitu linaloota kwenye vichuguu, Termitomyces titanicus, ambalo kofia yake yaweza kukaribia upana wa mita moja. Kumbikumbi wakiruka jioni baada ya mvua, mtaa mzima unatoka na mabakuli. Viwavi vikavu viko kwenye masoko ya mjini ya Kenya na Mzee mwaka mzima. Malaisse alijaza kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1997, kwa vyakula ambavyo watu wa misitu hii huvitoa porini. Mtoto anavijua kwa ladha. Mti uliomlisha kiwavi haujui, na kila mwaka unazidi kwenda mbali. Watafiti wa chuo kikuu cha Lubumbashi waliopima eneo linaloulisha mji makala wamekuta kwamba msitu ulifunika karibu asilimia 78 ya eneo hilo mwaka 1990, na mwaka 2022 ulikuwa umebaki karibu asilimia 40. Bibi alikuwa anatembea saa moja kufika kwenye uyoga. Mjukuu anahitaji nauli.

Kwa hiyo shule ingekuwa mahali pa kuziba pengo hilo. Lakini shule yetu ina historia yake na kazi ya nje, na historia hiyo haifurahishi.

Chini ya Wabelgiji, kumtoa mwanafunzi darasani kulimaanisha kumpa jembe. Bustani ya misheni ililimwa na wanafunzi, na shamba la mwalimu pia. Baada ya uhuru ikaja salongo ya Mobutu, kazi ya pamoja kwa amri, na shule hazikuachwa nyuma. Tanzania nayo, baada ya Nyerere kuandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, ilikuwa na shamba karibu kila shule. Nia ilikuwa njema kabisa, lakini waliosoma miaka hiyo wengi wanakumbuka palizi kuliko somo. Ndiyo maana mzazi wa hapa akisikia kwamba watoto watafanya masomo nje kwenye maji na udongo, jibu lake la kwanza ni kwamba yeye analipia daftari na sare, kulima mtoto atalima nyumbani. Anayepanga bwawa la shule bila kulijibu neno hilo atachimba shimo na kubaki nalo.

Na mabwawa yenyewe yana historia, ambayo nusu yake ilitokea hapa hapa. Majaribio ya kufuga tilapia kwenye mabwawa yalianza Kenya mwaka 1924 na Kongo mwaka 1937. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kituo cha utafiti cha Kipopo, kaskazini-magharibi mwa Lubumbashi, kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyojulikana zaidi Afrika kwa elimu ya tilapia. Hapo ndipo walipochunguzwa Oreochromis macrochir na mwenzake mla majani, Coptodon rendalli: nani anakula nini, wakae wangapi bwawani, wazaliane vipi bila kudumaa. Kutoka kwenye elimu hiyo serikali ya kikoloni ilisukuma uchimbaji wa mabwawa nchi nzima, na mwishoni mwa miaka ya 1950 yalihesabiwa zaidi ya 100,000. Baada ya 1960 mengi yaliachwa. Watu walikuwa wamechimba kwa kuamriwa, na anayeamuru alipoondoka, nyasi zikarudi. Kuanzia miaka ya 1970 wajitolea wa Peace Corps wa Marekani walianza tena ufugaji wa samaki vijijini, safari hii mkulima akichimba bwawa lake kwa mikono yake na kwa hiari yake, hadi ghasia na uporaji wa 1991 vilipowaondoa nchini. Ukiyaweka hayo mawili pamoja, unaona kwamba kilichoua mabwawa ya kwanza hakikuwa ukosefu wa maarifa. Maarifa yalikuwapo Kipopo, ya kiwango cha dunia.

Sasa tufike kwenye jambo linaloitenganisha Lubumbashi na karibu kila mji unaojadili masomo ya nje.

Mwalimu mwenye shauku atauliza: bwawa la nini, wakati tuna mto? Kuna Lubumbashi wenyewe, kuna Kafubu, kuna Naviundu, kuna Karavia. Tuwapeleke watoto wakae ukingoni na daftari. Ningependa kumwambia nenda, lakini siwezi. Kinu cha kuyeyushia shaba kilianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja baada ya mji kuanzishwa, na kiliendelea hadi miaka ya 1990. Bomba lake refu na kile kilima cheusi cha mabaki ndivyo vinavyochorwa kila mtu anapotaka kuuchora mji. Upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulimwaga metali zake upande wa kaskazini-magharibi kwa miaka 80 hivi. Huko Penga Penga kuna ardhi iliyobaki tupu, udongo mchachu wenye shaba nyingi kiasi kwamba nyasi za kawaida haziwezi kuota. Mito ya Naviundu na Kafubu imepimwa mara nyingi na watafiti, na majibu hayapendezi: shaba, kobalti, risasi na kadmiamu kwenye tope la chini.

Miili ya watu nayo imepimwa. Mwaka 2009 kundi la Célestin Banza Lubaba Nkulu wa chuo kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, lilichapisha vipimo vya mkojo vya wakazi wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodini au viwandani walikuwa na kobalti ya juu kuliko kiasi chochote kilichokuwa kimeandikwa kwa watu wa kawaida wasiofanya kazi kiwandani, na watoto walikuwa na zaidi kuliko wazazi wao. Sababu inaeleweka: mtoto anacheza chini, anaweka mikono mdomoni, na mwili wake ni mdogo. Halafu Novemba 2025 maji kutoka kwenye bwawa la mabaki la kampuni ya madini ya CDM yalimwagika hadi mitaani, na serikali ikaisimamisha kampuni hiyo. Watoto waliokanyaga maji yale wakienda shule hawakuwa na njia yoyote ya kujua wanakanyaga nini. Yalionekana kama maji.

Kumbuka hilo unaposoma maandishi mazuri ya watu wa Denmark au Uingereza yanayohimiza mtoto achezee udongo kwa sababu unamjenga. Udongo wao na wetu haukupitia mambo yale yale.

Hoja yangu basi ni hii. Shule ya Lubumbashi inahitaji bwawa kwa sababu mito yake ni michafu. Mtoto ambaye hajawahi kuona maji yenye uhai kamili hana cha kulinganishia. Akiona Naviundu haina chura wala kereng'ende atadhani ndivyo mito ilivyo, kama mtu aliyezaliwa katika nyumba yenye moshi asivyosikia harufu yake. Bwawa dogo lililo safi uani kwa shule linampa kipimo. Akishajua ni viumbe gani hutokea maji yakiwa mazima, na kwa mpangilio gani, kukosekana kwao kwingine kutakuwa habari kwake.

Mpangilio huo unaonekana kwa macho, bila darubini. Weka maji ya mvua kwenye shimo lenye kingo za mteremko mwezi wa Novemba na ungoje. Wiki ya kwanza wanakuja viluwiluwi wa mbu, na hapo wazazi wataanza kulalamika. Wanafuata wadudu wanaoruka usiku kutafuta maji: yule anayetembea juu ya maji kwa miguu mirefu bila kuzama, na yule anayeogelea chali, miguu miwili mirefu ikipiga kama makasia, tumbo likibeba hewa inayong'aa kama fedha. Huyu wa pili hula viluwiluwi wa mbu. Baadaye kereng'ende wanataga, na watoto wao ndio somo zuri kuliko yote. Mchote mmoja kwa chujio, mweke kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Ana rangi ya tope, hatembei, mtoto atasema amekufa. Mwongezee kiluwiluwi mmoja wa mbu. Mdudu anakaa kimya, kiluwiluwi kinakaribia, halafu kitu kinachofyatuka kutoka chini ya kidevu, mdomo wa chini uliokunjwa kama mkono, kinamnyakua na kurudi kabla jicho halijakamata kilichotokea. Watoto wote wanapiga kelele. Watataka kuona tena, na mara ya tatu mmoja atauliza unakunjwaje ule mdomo, na hapo sayansi imeanza bila mwalimu kuandika kichwa cha habari ubaoni.

Ujenzi wake si wa gharama, ila una masharti ambayo hapa si ya hiari. Maji yatoke juu ya paa, yasitoke mtoni wala kwenye kisima kisichopimwa. Hesabu yake ni hesabu ya darasa la tano: paa la darasa la mita 7 kwa 8 ni mita za mraba 56, mvua ya milimita 40 inakupa lita 2,240, na Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili. Bwawa la mita 3 kwa 2, lenye kina cha wastani cha sentimita 40, linahitaji lita 2,400. Mvua mbili kubwa zinatosha. Mvua za mwanzo wa msimu zimwagwe nje, kwa sababu zinaosha vumbi la kiangazi kizima kutoka kwenye mabati, na vumbi letu tunalijua. Udongo wa kuziba chini usichotwe mahali popote karibu na kinu cha zamani au kando ya barabara za malori ya madini. Udongo wa kichuguu kutoka nje ya mji ni mzito na hushika maji vizuri, mafundi matofali watakuambia. Kabla ya kuanza, sampuli ya udongo na ya maji ipelekwe maabara ya chuo kikuu. Shule iliyoko kwenye njia ya upepo wa kinu isichimbe kabisa, ijenge bwawa la matofali juu ya ardhi.

Na liachwe likauke. Wengi watashangaa, lakini kiangazi maji hupotea milimita kadhaa kwa siku, na bwawa lisilojazwa litakuwa tope kufikia Agosti, wakati shule zimefungwa na hakuna wa kulitunza. Ndivyo dembo linavyofanya kila mwaka, na ndiyo sababu yule samaki wa mwanzo wa makala haya yupo. Bwawa la kukauka linaondoa kazi ya likizo na kuuvunja uzazi wa mbu. Septemba watoto wakirudi wanakuta udongo uliopasuka, na wanaweza kulowesha kipande chake kwenye ndoo waone nini kinaamka.

Hofu ya mbu na ya kichocho si ya kupuuza. Malaria inaua watoto wengi nchini kuliko karibu ugonjwa mwingine wowote. Mbu wa malaria hupenda maji madogo yenye jua na yasiyo na wawindaji: alama za magurudumu, mashimo ya matofali, mifereji iliyoziba. Bwawa lenye watoto wa kereng'ende halimfai sana, lakini wiki za mwanzo linamfaa, na hapo ndipo pa kusimamia. Yai la mbu huchukua siku 10 hivi kuwa mbu anayeruka. Darasa likihesabu viluwiluwi kwa bakuli mara mbili kwa wiki, nambari zikikataa kushuka, maji yanamwagwa na kuanza upya. Uamuzi huo wawe nao watoto wenyewe, nambari mkononi. Kichocho kinahitaji konokono fulani na pia mkojo au kinyesi cha binadamu aliyeambukizwa kuingia majini. Bwawa la mvua lililozungushiwa uzio, ambalo hakuna anayeingia wala kunawa, halina njia ya kukisambaza. Sheria iwe moja: chujio lenye mpini huingia majini, mkono hauingii. Kwa watoto wadogo kina kisizidi goti, na uzio uwe na mlango unaofungwa.

Samaki je? Kila anayesikia habari ya bwawa Lubumbashi huuliza hivyo, na ni haki, bukari, ugali wetu, bila mboga ni taabu. Mimi ningesema hapana kwenye bwawa hili. Tilapia atakula wadudu, mayai ya vyura na mimea, na mwaka haujaisha utakuwa na bwawa la samaki wadogo waliodumaa na hakuna kitu kingine cha kuona. Shule inayotaka samaki ichimbe la pili na kulihesabu kama mradi wa chakula, ikijua pia kwamba bwawa lenye samaki wa kuliwa lina wezi wake.

Yapo mambo ambayo tayari yanafanyika mjini na yanastahili kutajwa. Katika bustani ya wanyama, kituo cha JACK, kilichoanzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau, kinalea sokwe walionyang'anywa wafanyabiashara haramu, na watoto wa shule hupelekwa kuwaona na kuelezwa wametoka wapi. Kwamba Septemba 2022 watoto watatu wa sokwe waliibwa hapo na wezi wakadai fedha za kuwakomboa inatosha kuonyesha kazi ile ni ya hatari. Mikembo, hifadhi binafsi kaskazini-mashariki mwa mji, ina kipande cha msitu cha hekta 10 ambapo watafiti wanafuatilia ukuaji wa miti mmoja mmoja. Vyama vya vijana vya Kiro na skauti huwapeleka vijana kambini likizo, na kusema kweli wao ndio walimu wa nje wenye uzoefu mrefu kuliko wote tulio nao, ingawa wizara haiwatazami hivyo. Ila ziara ni ziara. Mtoto anapanda basi, anamtazama sokwe nyuma ya wavu, anarudi na simulizi. Bustani ya wanyama inamwonyesha mnyama asiyeishi mtaani kwake, kwa siku moja, kwa nauli ambayo nusu ya darasa haina. Bwawa liko pale Jumatatu na liko pale Alhamisi, na tofauti kati ya siku hizo mbili ndiyo yenye somo.

Mfano ulio karibu na hali yetu ninaoujua uko Mombasa. Bamburi, kiwanda cha saruji kilichoanza 1954, kilichimba chokaa hadi kikaacha jangwa la mawe meupe. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, ni tatu tu zilizokubali, mvinje mmoja wao. Majani ya mvinje hayakuoza, hivyo akaleta majongoo wayatafune, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Yakachimbwa mabwawa, yakaja samaki, ndege wakaja wenyewe. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park na mabasi ya shule huingia mfululizo. Kinachofaa kuigwa na Katanga ni kwamba mtoto pale anafundishwa jeraha na dawa yake kwa pamoja. Hapa tunayo malighafi ya somo hilo hilo. Kule Penga Penga, Mylor Shutcha na wenzake wa chuo kikuu wamejaribu nyasi ndogo ya milima ya shaba, Microchloa altera, pamoja na chokaa na mboji, na imeota mahali ambapo hakuna kilichokuwa kimeota. Katanga ina mimea inayopenda shaba kiasi kwamba wanaakiolojia waliitumia kama alama ya mahali ambapo wazee walikuwa wakiyeyusha madini kabla ya Wazungu. Haumaniastrum katangense, ua la shaba, ndilo maarufu. Mtoto anaweza kusoma historia ya babu zake kwenye ua linaloota kando ya njia. Sijaona kitabu cha shule chenye picha yake.

Tatizo la walimu ni kubwa, nami sina jibu la haraka. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019 madarasa yamejaa, na watoto 60 au 70 mbele ya mwalimu mmoja si habari tena. Shule nyingi zina zamu ya asubuhi na ya mchana katika majengo yale yale. Kuwatoa wote hao kwenda kusimama kandokando ya bwawa la mita 3 ni vurugu. Njia inayowezekana ni kumi kumi, wengine wakibaki na kazi ya kuandika, na hiyo inamtaka mwalimu anayeamini darasa lisiloangaliwa kwa dakika ishirini halitabomoka. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu kufundisha kwa lugha za taifa, na kando ya maji ndiko ruhusa hiyo inakofaa zaidi, maana mtoto aliyemwona mdudu akifyatua mdomo hatasubiri kukumbuka kitenzi cha Kifaransa. Lakini mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi ni wa karatasi, na mwalimu hupimwa kwa matokeo yake. Bwawa halitapewa saa kwenye ratiba mpaka mkaguzi aje na swali kulihusu.

Fedha, kwa ajabu, si kikwazo cha kwanza. Kanuni ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inaziagiza kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka, na asilimia 15 ya mrabaha huenda kwenye mamlaka za chini mahali mgodi ulipo. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na nyingine zimepotea njiani. Bwawa la shule ni tone ndani yake. Hatari yake ni kwamba kampuni hupenda vitu vya kupigia picha: bango lenye nembo, chemchemi yenye vigae vya bluu, samaki wa dhahabu. Ningependelea fedha hizo zilipie vipimo vya maabara kila mwaka, na zilipwe kwa chuo kikuu moja kwa moja.

Maana kazi ya bwawa itaishia nje ya uzio wa shule. Afrika Kusini wana kipimo cha mto kinachoitwa miniSASS, kilichorahisishwa kutoka kipimo cha wataalamu ili hata mwanafunzi akitumie: unachota, unamwaga kwenye sinia, unatazama makundi gani ya viumbe yapo, kila kundi lina alama yake, jumla inakupa hali ya mto. Wale wadudu wenye mikia mitatu myembamba, wanaojificha chini ya mawe, wana alama nzuri; minyoo na ruba wana alama mbaya. Zambia wameunda kipimo chao kwa njia hiyo, ZISS, na Tanzania wana TARISS, na viumbe wa mito ya Zambia ni majirani wa karibu wa viumbe wetu. Bwawa na mto havilingani sawasawa. Wadudu wa maji yaendayo kasi hawataonekana uani kwa shule. Bwawa linazoeza jicho na mkono. Kwa kulinganisha mto, darasa litahitaji pia kijito cha juu ambacho hakijaguswa, na mwalimu peke yake achote mahali penye shaka, kwa glovu.

Tuseme shule mbili, moja upande wa Kasapa na nyingine upande wa Ruashi, zinafanya hivyo kwa miaka mitatu. Madaftari yataanza kusema kitu. Mwaka fulani, wiki fulani, sinia litarudi tupu kutoka kijito kilichokuwa na viumbe mwezi uliopita. Watoto wa miaka 12 watakuwa na tarehe, mahali na hesabu, pengine kabla ya ofisi yoyote. Mwalimu atampelekea mkuu wa shule, mkuu wa shule ataitazama nembo ya kampuni kwenye ukuta wa darasa jipya. Kabla jembe la kwanza halijapigwa, idara ya mazingira ya mkoa na chuo kikuu waandike ni nani atakayepokea daftari hilo, na baada ya siku ngapi atalazimika kujibu.